Mwacheni Apige Kelele

Dada uliyekaa karibu na mlango, usimnyamazishe huyo mtoto. Najua anatusumbua. Ni wangu, na huyo mama aliyempakata ni mama mkwe wangu, na mimi ndiye niliyemwomba asitoke naye nje. Mwacheni apige kelele. Nikimaliza mtajua kwa nini.

Wazazi wenzangu, asanteni kwa kuniita mbele. Mwenyekiti ameniomba tangu nijiunge na kikundi hiki cha wazazi wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na kila mwezi nilikuwa na sababu. Mara nina mteja, mara nina kikohozi. Ukweli ni kwamba naogopa. Hata sasa naogopa. Nitasema kwa Kiswahili ili dada zetu Wakuria waelewe, na mama yetu wa duka la vitambaa. Wajaluo wenzangu, Kiswahili changu kikichechemea mkishike mkono, msikicheke. Majina ya watu sitayataja. Nitataja moja tu.

Mimi ni msusi. Nina saluni pale Sori, ukishuka kuelekea ziwani. Kwa hivyo kazi yangu ni vichwa. Mama akikaa mbele yangu, kabla hajafungua mdomo, vidole vyangu vimeshajua kama amelala vizuri au ameamka na machozi. Wengi huja na watoto wachanga, na kabla hawajaondoka mimi hupitisha kiganja juu ya utosi wa mtoto, pale pahali laini panapodunda. Nilipenda sana pale. Nilikuwa nikisema, huyu bado mlango wake uko wazi, bado anaongea na Mungu.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba chupa ilipopasuka. Nilikuwa nasuka. Mteja alisikia maji sakafuni akauliza, nikamwambia ni maji ya kuoshea nywele. Alicheka. Kisha akageuka akaona uso wangu, akaacha kucheka. Huyo mama alinisindikiza mpaka hospitali ya Migori akiwa amesukwa upande mmoja, upande wa pili umesimama kama ufagio, na hakumjali mtu. Mungu ambariki. Nywele zake nilikuja kuzimaliza baadaye sana, na alikataa kukaa mbele ya msusi mwingine.

Mtoto alizaliwa mdogo. Nikisema mdogo, ninyi mliolala wodi ile mnanielewa. Hakulia. Walimchukua mbio, na mimi nikabaki nimelala nasikiliza. Nilisikia viatu, nilisikia maji, nilisikia mtu akiitisha kitu. Sauti ya mtoto sikuisikia. Ndugu zangu, nawaambia, hofu yangu ya kimya ilianzia hapo, na haijanitoka.

Walimweka kwenye mashine ya joto na mpira wa hewa puani. Baadaye nikafundishwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, nimefungwa leso. Sikulala. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa kifua changu, na ikichelewa moja, yangu pia inasimama. Siku hizo ndipo walipompima kichwa mara ya kwanza. Daktari wa picha alisukuma mashine yake mpaka kando ya kitanda, akapaka jeli juu ya utosi, akaweka kile kishikio cha kupigia picha palepale pahali ninapopapenda. Nikamuuliza unaona nini. Akasema kwa leo ubongo uko safi, lakini mama, umrudishe baada ya wiki chache, kwa maana kwa watoto wa mapema kuna mambo ya ubongo yanayochelewa kuonekana.

Mimi nilisikia neno moja tu: safi. Hayo mengine yalipita kama gari la watu wengine.

Tulienda nyumbani na shangwe. Baba watoto alitoka huko Nyatike kwenye mashimo ya dhahabu anakofanya kazi, akamshika mtoto kwa viganja viwili, akaogopa kukohoa. Mama mkwe alichinja jogoo. Na kwa muda kidogo mambo yalikuwa mazuri.

Kisha kilio kikaanza. Si kile kilio cha njaa. Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, kama mtu anaona kitu. Ukimpa ziwa anajinyoosha nyuma mgongo unapinda, mikono inakaza ngumi. Ukimbeba analia, ukimlaza analia. Nilimwogopa mtoto wangu, wapendwa. Nilikuwa naingia kwenye ile nyumba nikitamani kuwe na mtu wa kumshika kabla yangu.

Sasa, Wajaluo hapa wanajua, na wengine mniruhusu niwaeleze. Kwetu, mtoto mchanga akilia bila sababu, wazee husema kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anayetaka aitwe kwa jina lake. Wanawake wa boma wanakaa pamoja wanamtajia majina, moja baada ya lingine. Jina atakalonyamazia ndilo lake. Mimi mwenyewe nilipewa langu hivyo. Na mama mkwe alikuwa ameota. Alimwota mumewe, baba mkwe ambaye mimi sikumkuta, amesimama mlangoni anaomba maji ya kunywa. Aliamka akasema, kumbe huyu mzee ndiye anatusumbua.

Basi asubuhi moja wakakutana. Mimi nimekaa na mtoto, anatoa ile sauti yake. Wakaanza. Wakamtaja babu wa ukoo, mtoto analia. Wakamtaja ami aliyekufa Mbita, analia. Shangazi mmoja akaleta jina la upande wa kwake, wenzake wakamwambia ngoja zamu yako, na mtoto analia. Kisha mama mkwe akasogea, akainama juu yake, akasema polepole, "Ogola."

Mtoto akanyamaza.

Hilo ndilo jina nililosema nitalitaja. Alinyamaza palepale. Macho yake yakapanda, yakasimama kwenye pembe ya paa, hayapepesi. Mdomo ukaanza kutafunatafuna. Na mguu mmoja ukaanza kuzunguka, polepole, unakunjuka na kukunjika, unakunjuka na kukunjika.

Sasa huyo mzee, kila mtu pwani ile alimjua kwa baiskeli yake. Wanasema alikwenda nayo kila mahali, hata choo cha nyuma ya nyumba angeenda nayo. Shangazi mmoja akaonyesha mguu wa mtoto akasema tazameni, si anaendesha! Nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mama mkwe alilia. Alikuwa anasema, "Chuora, umerudi na baiskeli yako." Chuora ni kusema mume wangu. Na mimi pia, ndugu zangu, nilipiga kigelegele. Nilipiga kwa sauti kuliko wote, kwa sababu mtoto alikuwa amenyamaza, na nilidhani taabu imekwisha.

Tangu siku hiyo akilia sana bibi yake anaitwa. Anaita lile jina, anaita, na baada ya muda mtoto anatulia, macho juu, mguu unazunguka. Watu walikuja kuona. Ile habari ya kurudi kupigwa picha, mtu akiikumbusha anajibiwa, jina limepatikana, mnampeleka hospitali kutafuta nini?

Lakini mimi mikono yangu ilianza kukataa. Nilikuwa nimerudi saluni, mtoto nimemlaza kwenye kitanda cha kapu karibu na miguu yangu. Nilikuwa nasuka, nikageuka kuchukua uzi, nikaona mguu unazunguka. Hakuna aliyekuwa analia. Hakuna aliyeita jina. Nikaweka mkono juu ya ule mguu kuusimamisha, na nawaambia, mguu haukusimama. Uliendelea chini ya kiganja changu. Nikashika kichwa, nikamwita mtoto wangu, na yale macho hayakuwa yananiangalia. Hayakuwa yanaangalia chochote.

Nilijua. Mama anajua. Lakini kujua na kusema ni vitu viwili, na nilikuwa naenda kumwambia mama mkwe nini? Kwamba mume wake hakurudi? Nilinyamaza siku hiyo na siku iliyofuata, na nilikuwa nakula kwa kuogopa, naoga kwa kuogopa. Nikisikia kimya ndani ya nyumba, natoka mbio hata kama nina sabuni machoni.

Haikunilazimu kusema. Adhuhuri moja mama mkwe ndiye alikuwa amemshika. Akamwita jina lake, mtoto akanyamaza, mguu ukazunguka, mdomo ukatafuna. Kisha midomo ikaanza kubadilika rangi. Akamwita tena. Akamwita tena. Nilitoka jikoni nikaona bibi anamtikisa akisema, "Rudi, rudi, rudi," na ule mguu unaenda tu.

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya samaki iliyokuwa inaelekea Homa Bay, kwa hivyo tulienda Homa Bay. Bibi na mimi mbele na dereva, mtoto katikati yetu. Pale Rodi mtoto alivuta pumzi akalia, na dereva, mwanaume mzima, akaanza kulia pia huku anaendesha. Nikamwomba Mungu, mtoto alie tu mpaka tufike. Ile sauti niliyokuwa naichukia, nikaiomba isikome.

Walimdunga dawa ya kusimamisha degedege, maana ndilo lilikuwa, degedege lisilo na kelele. Kisha tukaingizwa chumba cha picha. Daktari wa picha wa pale alikuwa mwanamke, mpole, lakini si wa maneno mengi. Akauliza mguu ulikuwa unafanyaje. Mama mkwe hakungoja nitafsiri. Akazungusha mkono hewani, akasema anaendesha baiskeli.

Daktari akasema, "Ndiyo, mama. Hata sisi tunaiita hivyo."

Akapaka jeli. Akaweka kishikio juu ya utosi, na chumba kikawa kimya, na mimi nikakumbuka ile wodi. Kwenye kioo kulikuwa na kijivu, kijivu, na katikati vyumba viwili vyeusi. Akasema hivyo ni vya kawaida, kila mtu anavyo, vina maji yake. Kisha akaonyesha kando yake. Palikuwa na vitundu. Vidogo, vyeusi, vimepangana upande huu na upande huu, kama mtu ametoboa kitambaa kwa sindano nene. Akasema hivi navyo ni vifuko vya maji, na pale vilipo palikuwa na sehemu ya ubongo inayopeleka habari miguuni. Ilikosa hewa na damu ya kutosha siku zile za kuzaliwa, ikafa, na baada ya wiki kadhaa mwili unaisafisha na kuacha shimo. Ndiyo maana picha ya kwanza ilikuwa safi. Shimo lilikuwa halijachimbika.

Nikauliza, kama tungekuja mapema angepona? Akasema mashimo yangekuwepo vilevile, ila degedege tungelikamata kabla halijatuzoea. Nikauliza atatembea? Atanijua? Hilo la pili ndilo lilikuwa linaniua, wapendwa. Nilikuwa tayari kumbeba mgongoni mpaka nizeeke, bora anijue.

Akafuta jeli kwenye kichwa cha mtoto, taratibu. Akasema, "Miguu itasumbua, hiyo nakwambia mapema. Macho tutayapima. Mengine sijui, na mtu yeyote atakayekwambia leo kwamba anajua, mkimbie."

Mama mkwe alikuwa ananiangalia ili nimweleze. Nikamweleza kwa Dholuo. Kisha akasema, "Kwa hivyo mtoto alikuwa anaumwa, na sisi tunapiga vigelegele."

Tuliporudi na dawa, maneno yalikuwa yametutangulia. Na hapa ndipo nilikaribia kuanguka kabisa. Wengine walisema hilo jina ndilo limemfunga mtoto, liondolewe, mzee ana kinyongo. Wengine walisema mzee alikuja akaona kichwa kibovu, akaondoka. Mtu mmoja wa maombi akasema ni pepo, tuchome nguo zake. Mimi sikuwa na nguvu ya kukataa. Nilikuwa siwezi hata kusuka. Nikiweka vidole kwenye kichwa cha mteja, naona vile vitundu chini ya ngozi. Nilifunga saluni. Nilikuwa namlisha mtoto, nampa dawa, namlaza, lakini sikuwa namwita kwa jina lolote. Niliogopa kumwita. Nikimwita akinyamaza, je?

Boma likakutana tena, safari hii kuondoa jina. Walikuwa wamekaa, wamekubaliana. Na mama mkwe, ambaye hajawahi kubishana na ndugu za mumewe mbele ya watu, akasimama na mtoto mkononi.

Akasema, "Mume wangu aliugua mwaka mzima kabla hajafa. Hakuna siku nilimnyang'anya jina kwa sababu ni mgonjwa. Huyu ndiye Ogola. Ni mgonjwa. Nitamuuguza."

Akaketi. Na mimi, ndugu zangu, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Homa Bay. Kwa maana mimi nilikuwa nangoja niambiwe kama mtoto wangu yupo au hayupo. Yeye hakungoja. Alishaamua yupo, na kwamba kazi ni kumuuguza.

Baba watoto aliporudi akaona ile picha, aliitazama sana. Yeye mashimo anayajua. Akasema shimo likiporomoka, wachimbaji hawang'ang'ani palepale, wanachimba njia ya kando. Siku ile niliona ni maneno ya kunituliza tu. Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatuambia karibu hivyohivyo, kwamba ubongo wa mtoto bado unatafuta njia, na sisi ndio wa kuusaidia kutafuta. Na zoezi la kwanza alilotufundisha ni lipi? Mshike miguu miwili, ikunje, ikunjue, mmoja baada ya mwingine. Baiskeli! Mama mkwe alinitazama, mimi nikamtazama, tukacheka mpaka mtaalamu akadhani tumemdharau.

Basi kila asubuhi huyo bibi mnayemwona pale anaendesha ile miguu. Anaimba, twende Karungu, twende Rodi, chuora kanyaga. Fundi wa mashua pale Sori alimtengenezea mtoto kibao cha kusimamia kwa mbao zilizobaki, amekipiga randa kama kiti cha chifu. Degedege limepungua, halijaisha. Miguu bado migumu, na dawa haziruki siku. Sitawadanganya kwamba hofu imeisha. Inakaa nami. Nimeizoea tu, kama mteja asiyekwenda nyumbani.

Lakini kuna siku moja. Nilikuwa nimefungua saluni tena, nasuka, mtoto amefungwa kwenye kibao chake ananitazama. Bibi akatokea mlangoni na uji wa mtoto, akaita kama anavyoita siku zote, "Ogola!" Na mtoto akageuza kichwa. Kichwa kile chenye mashimo kiligeuka kikamtafuta, macho yakampata, na akafungua mdomo akapiga kelele moja kubwa, mteja wangu akaruka kwenye kiti. Niliachilia nywele. Bibi aliangusha bakuli. Akaita tena, akaitikia tena. Akaita, akaitikia. Tulikuwa watu wazima watatu tunalia juu ya uji uliomwagika.

Namshukuru yule mteja wa nusu kichwa. Namshukuru dereva wa samaki, na daktari aliyekataa kuniahidi. Nawashukuru ninyi, kwa maana kabla ya kikundi hiki nilidhani ni mimi peke yangu ninayekimbia na sabuni machoni. Na mama mkwe, mama, wewe nitakushukuru nyumbani, nikikushukuru hapa tutashindwa kumaliza.

Ninachowaomba ni hiki. Ukiambiwa rudi na mtoto, rudi, hata kama mara ya kwanza walisema safi. Hasa kama walisema safi. Utosi ndio dirisha la hao madaktari wa picha, na hujifunga mtoto akikua. Mpe mtoto jina, mwombee, mchinjie jogoo, hakuna anayekukataza. Lakini akinyamaza ghafla, usishangilie kwanza. Mwangalie macho.

Siku ile tulipiga vigelegele kwa sababu alinyamaza kwa jina lake. Ndiyo maana, dada wa mlangoni, nikakuomba umwache. Mama, hebu mwite.

Mmesikia hiyo? Basi mimi nimemaliza.